Damu Imesema Nini

Ramadhani huingia kwa neno la mtu. Nimefunga tangu utotoni, kwanza Buyenzi, Bujumbura, na sasa hapa Brussels, na katika miaka yote hiyo mwezi mwandamo nimeuona kwa jicho langu mara chache mno. Mara nyingi niliamka kula daku kwa sababu mtu mwadilifu, mahali fulani, alisema ameuona, na wenye mamlaka wakaipokea kauli yake. Hakuna aliyeniambia kwamba nimedanganywa. Hakuna pia aliyeniambia kwamba mimi nimeuona. Kati ya kuona na kudanganywa pana nafasi kubwa, na humo ndimo mwanadamu anamoishi siku zake nyingi: anajua mambo kwa kushuhudiwa. Wanazuoni wetu waliifahamu nafasi hiyo vizuri, wakaiwekea sheria. Nataka kuizungumzia kwa sababu kazi yangu ya kila siku imo humo, na kwa sababu nimeona watu wakiumizwa na wale wasioijua mipaka yake.

Mimi ni fundi wa maabara. Tuko upande wa Anderlecht, magharibi mwa jiji, na tunachopima ni seli za kinga: zipo ngapi, ni za aina gani, ziko katika hali gani. Damu hufika katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, imetiwa dawa ya kuizuia isigande. Nachota mikrolita 100 kwa pipeti, natia katika kichupa kidogo cha plastiki, kisha naongeza kingamwili zilizofungwa rangi, kila moja kwa rangi yake. Kuanzia hapo taa ya juu ya meza huzimwa, maana rangi hizi huuawa na mwanga uleule unaozifanya zing'ae. Vichupa vinafunikwa kwa karatasi ya alumini, vinakaa gizani kiasi cha dakika 20. Halafu chembe nyekundu zinapasuliwa kwa dawa, kichupa kinazungushwa kwenye sentrifuji, na seli nyeupe zinatulia chini kama ukungu ambao mtu asiyezoea hauoni. Maji ya juu lazima yamwagwe kwa mkupuo mmoja wa kiganja. Ukisita katikati, seli zinaondoka na maji, na damu ya mtu imepotea.

Kisha mashine. Seli hupita moja moja, kwa foleni, ndani ya uzi mwembamba wa maji, maelfu kwa sekunde, na kila moja hupigwa na mwale wa leza ya buluu wa nanomita 488. Seli iliyoshikwa na kingamwili yenye floreseini hujibu kwa kijani. Iliyoshikwa na yenye fikoeritrini, rangi itokayo katika mwani mwekundu wa baharini, hujibu kwa mwanga unaoelekea rangi ya machungwa. Vioo vinaugawa mwanga huo, vipokezi vinaugeuza kuwa umeme, kompyuta inaugeuza kuwa namba, na kwenye skrini linatokea wingu la nukta. Mimi nachora mstari kuzunguka sehemu ya wingu na kusema: hizi ndizo.

Sasa katika mlolongo wote huo, seli nimeiona wapi?

Mwanga si wa seli. Mwanga ni wa rangi, rangi imefungwa kwenye kingamwili, kingamwili imeshika protini moja iliyo juu ya utando wa seli, na protini hiyo ndiyo ambayo wataalamu wamekubaliana kuihesabu kuwa alama ya aina fulani ya seli. Kila hatua ni kauli ya mwingine. Kuna hata njia ambayo kingamwili ya kwanza haina rangi yoyote, inashika kimya kimya, na ya pili yenye rangi inakuja kuishika ile ya kwanza, tukawa tunapokea habari za shahidi kutoka kwa shahidi mwenzake. Jambo hilo nilikuwa nalijua tangu madrasa: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa aliyesikia. Ni isnadi.

Wanazuoni wa hadithi walikabiliwa na swali lilelile linalonikabili mimi mbele ya skrini. Jambo ambalo hakuna aliye hai aliyelishuhudia linatufikia kupitia wengine. Tutalikubali kwa kipimo gani? Wakaamua kumchunguza kila mpokezi peke yake. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara, au ilivurugika uzeeni? Je, kweli alikutana na yule anayedai kupokea kwake? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakutosheka na kwamba wawili waliishi zama moja; alitaka ithibitike kuwa walikutana. Na mmoja wa wapokezi wa kutegemewa sana wa kitabu chake cha hadithi alikuwa mwanamke, Karima bint Ahmad wa Marw, aliyekaa Makka karne ya 11 na ambaye wanazuoni wanaume walisafiri kwenda kumsomea. Namtaja kwa fahari, kwa kuwa darasani kwetu Buyenzi jina lake halikutajwa.

Kingamwili nazo zina wasifu wao, na Brussels ina mtu wake katika habari hiyo. Jules Bordet, mzaliwa wa Soignies, aliongoza Taasisi ya Pasteur ya hapa kuanzia mwaka 1901 na alipewa Nobeli ya mwaka 1919 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Hospitali ya saratani yenye jina lake ilihamia Anderlecht mwaka 2021. Bordet alifikiri kingamwili hushikana na shabaha yake kwa namna inayokaribiana na rangi inavyoshika kitambaa. Paul Ehrlich, kule Ujerumani, alishikilia kwamba viwili hivyo hushikana kwa kulingana umbo, hiki kwa kile na si kwa kingine, na katika hilo miaka ilimpa Ehrlich haki. Lakini rangi haikwisha kazi. Mwaka 1941 Albert Coons, daktari kijana wa Boston, pamoja na wenzake walichapisha habari ya kuifunga kingamwili rangi yenye kung'aa, na bakteria wa nimonia wakaonekana wakiwaka chini ya hadubini. Rangi yake ya kwanza ilitoa mwanga wa buluu, na tishu za mwili zenyewe hutoa buluu kidogo, kwa hiyo shahidi na kelele za barabarani zikawa na sauti moja. Akahamia floreseini, yenye kijani. Tunaitumia mpaka leo.

Hata hivyo, kingamwili za Coons zilitoka katika damu ya wanyama waliochanjwa, na damu ya mnyama hutoa kingamwili za namna nyingi kwa pamoja, zinazolenga mambo mbalimbali. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, Cambridge, waliiunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili moja na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ileile moja kila mara. Kila ukoo una jina lake, na jina hilo limeandikwa kwenye chupa ninayoitoa katika friji. Kwa miaka kadhaa kila maabara iliziita kingamwili zake kwa jina lake, ikawa hii inasema OKT4, ile inasema Leu-3, mpaka wataalamu walipokutana Paris mwaka 1982, wakazilinganisha na kukubaliana kwamba hawa ni mmoja, tumwite CD4. Waandishi wa tarajama za wapokezi walifanya kazi hiyohiyo karne nyingi kabla yao, kutambua kwamba mtu anayetajwa hapa kwa kunia, yaani "baba wa fulani", na pale kwa jina la babu yake ni mtu mmoja.

Na kuna wapokezi dhaifu. Seli iliyokufa hunata kwa karibu kila kingamwili utakayoiletea, kwa hiyo seli mfu kwenye skrini inang'aa kwa rangi zote, kana kwamba ni kila aina kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunatia rangi nyingine ya kuwatambua wafu na kuwatoa kwanza. Kuna seli hai zinazoikamata kingamwili kwa mkia badala ya ncha inayotambua, na hapo mwanga unatokea bila ushahidi wowote nyuma yake. Tena, CD4, alama ya seli saidizi za kinga, yenyewe haitoshi. Monositi nazo zina CD4, kwa kiasi kidogo, na monositi si seli saidizi ambayo daktari anaitafuta. Ili niseme hii ni seli saidizi nahitaji alama mbili, CD3 na CD4, zikubaliane juu ya seli ileile. Mashahidi wawili. Mara ya kwanza nilipoelezwa kanuni hiyo na msimamizi wangu, mwanamke wa Liège asiye na dini yoyote, nilinyamaza kwa muda, kwa kuwa alikuwa akinisomea mlango wa ushahidi katika fiqhi bila kujua.

Ndugu zangu wengine katika dini wakisikia hayo hukimbilia hitimisho wanalolipenda: basi kipimo ni dhana tu, ajuaye ni Mwenyezi Mungu. Nalipinga hitimisho hilo kwa nguvu zangu zote. Sheria yetu haikutuambia tusubiri yakini ndipo tutende. Kadhi anahukumu kwa mashahidi, na huenda mashahidi wakakosea. Mji mzima unafunga kwa kauli ya aliyeona mwezi. Msafiri jangwani asiyekiona kibla anajitahidi kukitafuta, anaswali kuelekea pale dhana yake yenye nguvu ilipomwelekeza, na swala yake ni swala. Anayewakataa mashahidi waadilifu bila sababu hawi mcha Mungu zaidi kwa kuwakataa. Anadhulumu. Mgonjwa anayeacha dawa kwa hoja kwamba namba zinatoka kwa Wazungu na elimu iko kwa Mungu, ameutupa ushahidi aliopewa, na watu wa namna hiyo nimewazika.

Upande wa pili kuna kosa lililo zito vilevile, nalo ndilo linalonisumbua zaidi kwa sababu hutendwa na watu wa elimu. Ni kudhani kwamba umeona.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana risala fupi juu ya nuru, Mishkat al-Anwar. Humo anazihesabu kasoro za jicho: halijioni lenyewe, halikioni kilicho mbali mno wala kilicho karibu mno, halioni nyuma ya pazia, huona nje ya vitu na si ndani yake, huona baadhi na si vyote. Hakuwa akilidharau jicho. Alikuwa njiani kuelekea jambo kubwa zaidi, kwamba akili inastahiki jina la nuru kuliko jicho, na kwamba kwa hakika yake jina hilo ni la Mwenyezi Mungu peke yake. Kila nuru nyingine imeazimwa. Niliisoma risala hiyo nikiwa tayari kazini, na neno hilo la kuazima lilinishika, kwa sababu ndivyo hasa rangi zangu zinavyofanya kazi. Floreseini haina mwanga wake. Inaupokea wa leza katika nanomita 488 na kuurudisha karibu na 519, umepungua nguvu, umebadilika rangi, na kila inapourudisha inachakaa kidogo. Katika itikadi yetu Mungu ni al-Basir, huona bila ya alama. Sisi tunaona kwa alama peke yake, na alama tunazitengeneza sisi, tukaamua ipi itengenezwe na ipi iachwe. Katika kichupa changu kuna maelfu ya protini juu ya kila seli. Mimi nimezitilia kingamwili nane. Kilichobaki kipo, hakikuulizwa.

Nitoe mfano wa mji huuhuu. Hospitali ya Saint-Pierre iko Rue Haute, katika mtaa wa Marolles, hospitali ya umma ambayo imewapokea maskini na wageni kwa vizazi. Mapema miaka ya 1980 Daktari Nathan Clumeck na wenzake walikuwa wakiwapokea hapo wagonjwa kutoka Afrika ya Kati, wengine wakazi wa Ubelgiji, wengine waliosafiri kuja kutibiwa, wenye maradhi yanayofanana na yale yaliyokuwa yakiripotiwa Marekani kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, yaliyokuja kuitwa UKIMWI. Kingamwili za OKT4 na OKT8 zilikuwa mpya wakati huo, na zilionyesha kwamba seli saidizi za wagonjwa hawa zimeporomoka. Mwaka 1983 waliandika habari hiyo katika jarida la Lancet. Wagonjwa hawa hawakuwa katika makundi yaliyodhaniwa kuwa ndiyo peke yake yanayougua. Oktoba ya mwaka huohuo timu ya Wabelgiji na Wamarekani, akiwemo Peter Piot wa Antwerp, ilikwenda Kinshasa kufanya kazi na Daktari Bila Kapita katika hospitali ya Mama Yemo. Katika wiki tatu walitambua wagonjwa 38, na idadi ya wanawake na wanaume ilikaribiana sana. Ripoti ilitoka Lancet mwaka 1984.

Angalia kazi ya ushahidi ilivyokuwa safi hapo. Kingamwili ilisema jambo moja: katika damu hii, seli zenye alama hii zimepungua. Kwa kusema hilo tu, bila kuongeza, iliivunja dhana nzima kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa namna fulani. Mwanamke wa Kinshasa na mwanamume wa San Francisco walikuwa wamepungukiwa na seli ileile. Nauona wakati huo kuwa miongoni mwa nyakati za heshima kubwa za ufundi wangu.

Halafu watu wakaongeza. Ubelgiji ni nchi ambayo mwaka 1897 iliwaleta Wakongo 267 Tervuren, nje kidogo ya Brussels, wakatazamwe na umati, na saba kati yao wakafa na kuzikwa huko. Tabia ya kumtazama mtu na kumwongezea hadithi ilikuwepo kabla ya hadubini zetu. Waafrika waliokuwa wakiishi Ulaya miaka ya 1980 wanasimulia jinsi kiti cha pembeni yao katika tramu kilivyobaki kitupu. Damu ya wagonjwa wachache iliyosema "seli zimepungua" ikasomwa kana kwamba imesema "bara hili ni chafu", "watu hawa ni wazinzi", "wamejiletea". Hakuna kingamwili iliyotoa kauli hizo. Wanazuoni wa hadithi wana jina la kasoro hii, mudraj: maneno ya mpokezi kupenyezwa ndani ya maneno aliyopokea, mpaka msikilizaji asijue wapi kauli ya asili imekoma. Isnadi inaweza kuwa sahihi kabisa, wapokezi wote waadilifu, na bado matini ikawa na neno lisilokuwamo. Waliotunga sheria za elimu hiyo waliona kwamba anayefanya hivyo kwa makusudi amefanya haramu, hata kama neno lake lenyewe ni zuri.

Burundi inalijua jambo hili kwa mfano wake yenyewe. Jeanne Gapiya-Niyonzima alikuwa Mrundi wa kwanza kusema hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na alilisema kanisani, katikati ya miaka ya 1990, kwenye misa ya Siku ya UKIMWI Duniani. Padri alikuwa akiwaombea huruma wagonjwa kwa kuwa, alivyosema, wametenda dhambi. Bi Jeanne akasimama mbele ya waumini, akaeleza kwamba ana virusi na amekuwa mke mwaminifu, akamuuliza padri ni nani hata amhukumu. Mimi ni Mwislamu, na naisimulia habari hii kwa wanafunzi wa madrasa hapa kama mfano wa mtu aliyeirudisha matini kwenye mpaka wake. Damu yake ilisema virusi vipo. Dhambi iliongezwa na mpokezi.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliongezewa kitu cha namna nyingine. Enzi za kupimwa kwake, mstari wa kuanza dawa za virusi ulikuwa seli 200 za CD4 kwa kila mikrolita ya damu. Yeye alikuwa juu yake kidogo. Akaambiwa yuko vizuri, arudi nyumbani, arudi tena baada ya miezi sita. Aliyemwambia hakumdanganya; alikuwa akifuata mwongozo, na dawa zilikuwa haba. Lakini 200 haikuwemo katika damu ya shangazi. Ni mstari uliochorwa na watu, kama ninavyochora mimi kwenye skrini, wakizingatia yaliyojulikana na yaliyokuwepo stoo. Shirika la Afya Duniani likaupandisha hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015, baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba kuanza mapema kunaokoa, likaufuta: kila mwenye virusi aanze dawa. Shangazi aliporudi alikuwa na kifua kikuu. Alipona, anauza vitenge hadi leo, ila pafu moja halikurudi kama zamani. Neno "vizuri" lilikuwa la mpokezi.

Nina mfano mmoja zaidi, nao ndio unaonigusa kuliko yote, kwa kuwa hapo ushahidi ni wa kweli kabisa na bado unamdhulumu mtu. Kipimo cha kawaida cha virusi, kile cha tone la damu la kidole, hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mtu mwenyewe umezitengeneza. Mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Ni zawadi, zinamlinda mtoto miezi yake ya mwanzo. Mama mwenye virusi humpa mtoto na hizi pia. Basi mtoto mchanga asiye na kirusi hata kimoja atapimwa na kipimo kitaonyesha kwamba anavyo, na hali hiyo inaweza kuendelea hadi miezi 18. Kipimo hakikukosea. Kingamwili zipo kweli, na zinasema kweli kwamba mwili fulani ulikutana na kirusi. Ila mwili huo ni wa mama. Habari ni sahihi, aliyenasibishwa nayo siye. Kwa ajili hiyo mtoto anapimwa kwa njia nyingine, inayokitafuta kirusi chenyewe, na anayemsomea mama jibu bila kujua tofauti hiyo anaweza kuivunja nyumba.

Naandika haya wakati kuna mjadala kati yangu na shehe mmoja wa jumuiya yetu hapa. Kama ilivyo katika misikiti na makanisa mengi ya Afrika Mashariki, anataka wachumba walete cheti cha kipimo cha virusi kabla ya nikahi, na cheti kisomwe mbele ya mawalii wa pande mbili. Katika kupima niko naye. Kuingia katika ndoa ukijua ni bora kuliko kuingia gizani, na kulinda uhai ni katika makusudio ya sheria. Katika kusomwa mbele ya mawalii simo. Nimemwambia: shehe wangu, wewe unajua kuliko mimi masharti ya kutoa ushahidi mbele ya kadhi, na unajua kwamba shahidi anaulizwa alichokishuhudia, si anachokidhani. Cheti kinashuhudia kwamba siku fulani, katika damu fulani, kingamwili fulani zilikuwepo au hazikuwepo. Hakishuhudii zilifikaje. Binti aliyezaliwa na virusi, kijana aliyepewa damu hospitalini wakati wa vita, mjane aliyeambukizwa na mumewe wa halali, wote cheti chao ni kimoja, na wazee waliokaa sebuleni watakijaza wanachotaka kabla chai haijapoa.

Tena hakisemi hata lile ambalo wazee wanadhani kinalisema kuhusu mchumba. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia mamia ya wenza katika nchi kadhaa za Ulaya, mmoja ana virusi na anatumia dawa hadi virusi havionekani tena kwenye kipimo, mwenzake hana. Wote walikuwa hawatumii kondomu. Haukupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Kwa hiyo mtu mwenye cheti kinachosema anavyo anaweza kuwa salama kabisa kwa mkewe, na yule mwenye cheti safi cha mwezi uliopita hakuna anayeweza kumsemea wiki tatu zilizofuata.

Shehe alinijibu kwa upole, Bi mdogo, mimi nina mzigo wa kumlinda asiyejua. Nikamwambia mzigo huo naujua, ndiyo maana nataka jibu apewe mwenye damu, na mchumba wake alisikie kwa kinywa chake mwenyewe, faragha, akiwepo mtu anayeweza kueleza maana yake, na mawalii waambiwe tu kwamba wawili hawa wamepima na wameridhiana. Akauliza, na asiyesema kweli je? Nilimwambia kwamba huyo atakuwa mwongo mbele ya Mungu na mbele ya mchumba wake, na kwamba kumwekea mtego kunahitaji njia isiyowafedhehesha wakweli mia. Hilo hakulikubali moja kwa moja. Ameomba nimwandikie mambo ya kitaalamu ili awapelekee mashehe wenzake, na nimeanza: sehemu ya mtoto mchanga na kingamwili za mama imekamilika, ya PARTNER iko nusu, na ameniomba pia niweke mlango mzima kuhusu maana ya CD4, kwa sababu watu wanamuuliza swali hilo kila Ijumaa baada ya swala naye hana la kuwajibu.